Kuandaa mkutano wa wakazi wa mtaa: kuanzia tangazo hadi jibu la mwisho

Mikutano mingi ya halmashauri na wakazi huharibika kabla kiti cha kwanza hakijapangwa. Huharibika ofisini, siku mtu anapoandika kwenye ajenda "kupokea maoni kuhusu barabara" ilhali mkandarasi keshasaini mkataba na greda iko njiani. Wakazi hulibaini hilo ndani ya dakika kumi, na kuanzia hapo hawajadili tena barabara. Wanajadili dharau.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina uhusiano na ukumbi wala kipaza sauti. Chukua karatasi ujaze sentensi hii: "Kwenye mkutano huu wakazi wanaweza kubadilisha ____. Hawawezi kubadilisha ____, kwa sababu ____." Kwa barabara, upana na njia inakopita huenda vimeshapitishwa, lakini vivuko vya waenda kwa miguu, mahali pa matuta, mfereji utoe maji upande gani, na barabara ifungwe saa ngapi wakati wa kazi, yote hayo bado yako mezani. Hayo ndiyo ya kuitia mkutano. Ukishindwa kujaza nafasi ya kwanza, usiite mkutano wa maoni. Toa taarifa, uiite taarifa, na iwe ya dakika ishirini na maswali. Hakuna aibu kutoa taarifa. Aibu ni kuivalisha joho la ushirikishwaji.

Na kama nafasi ya kwanza ni kubwa, yaani wakazi wanakuja kuamua fedha ziende wapi, basi tarehe ya mkutano lazima itangulie tarehe ya bajeti. Jiji la Porto Alegre kule Brazili lilipoanza bajeti shirikishi mwaka 1989, mikutano ya maeneo ilifungwa kwenye kalenda ya bajeti ya mwaka, kwa hiyo kipaumbele kilichotajwa na wakazi kilikuwa na mahali pa kuingia. Mkutano unaofanyika wiki mbili baada ya bajeti kupita huzaa orodha ya matamanio tu, na ofisa atakayeipokea hana cha kuifanyia.

Hesabu ya muda

Watu hupanga mkutano wa saa mbili bila kupiga hesabu, halafu hushangaa wananchi wakilalamika kwamba hawakusikilizwa. Chukua dakika 90, ambazo ndizo watu wazima huvumilia baada ya kazi. Ufunguzi dakika 5. Majibu ya mkutano uliopita dakika 10. Maelezo ya mradi dakika 15. Kufunga na kusoma yaliyoandikwa dakika 10. Zimebaki dakika 50 za hoja. Mkazi akisema dakika mbili na jibu likichukua dakika mbili, hizo ni hoja 12, basi. Wakija watu 120, mmoja kati ya kumi ndiye atakayefungua kinywa, na mara nyingi ni wale wale wa kila mkutano.

Ndiyo maana wakizidi hamsini hivi ugawe makundi. Meza za watu wanane, kila mmoja dakika tatu, hizo ni dakika 24, na kila mtu amesema. Kila meza iwe na mtu wenu mmoja wa kuandika, asiyejibu chochote, kisha msomaji wa meza asimame asome hoja mbili tu. Usimruhusu asome zote nane. Zilizobaki zimeshaandikwa na zitaingia kwenye daftari la hoja kama nyingine.

Kama unahitaji mkalimani anayetafsiri sentensi baada ya sentensi, kila kitu kinachukua muda mara mbili: maelezo ya dakika 15 yanakuwa 30. Punguza maelezo, usipunguze hoja. Wakalimani wa lugha ya alama wawe wawili mkutano ukipita saa moja, wapokezane kila dakika 20 hivi, kwa kuwa mikono na akili vinachoka na makosa yanaanza. Wasimame karibu na msemaji, kwenye mwanga, na viti vya mbele upande huo viachwe kwa wanaowahitaji.

Mahali

Kigezo cha kwanza ni miguu. Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita moja kwa dakika 12 hadi 15, mzee zaidi ya hapo, na kama mkutano unaisha gizani njia ya kurudi ni muhimu kuliko ya kwenda. Shule ya msingi mara nyingi hushinda ukumbi mzuri wa halmashauri, kwa kuwa iko katikati ya watu na haina mlinzi wa kuuliza unakwenda kwa nani.

Nenda ukapaone wewe mwenyewe, saa ile ile ya mkutano, na futi kamba mfukoni. Mlango uwe na angalau sentimita 90 ili kiti cha magurudumu kipite bila kukwaruza mikono ya mwenyewe. Kwenye ngazi moja ya sentimita 15 unahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa mita 1.8, maana uwiano unaokubalika ni 1 kwa 12. Ubao mfupi uliotupwa juu ya ngazi una mwinuko mkali na humwangusha mtu. Angalia choo, na uhakikishe funguo ya choo iko kwa mtu atakayekuwapo. Angalia jua linaingia dirisha gani jioni, kwa sababu ukiweka ramani upande huo hakuna atakayeisoma.

Kwa viti vya mistari tenga mita moja ya mraba kwa kila mtu, na kwa meza za makundi karibu mara mbili ya hapo. Kisha panga viti vichache kuliko watu unaotarajia. Unatarajia 70? Panga 40, vingine 30 virundike ukutani. Watu wakiongezeka utaongeza viti, na kuongeza viti kunachangamsha ukumbi. Ukipanga 100 wakaja 45, watajaza nyuma, mbele patabaki wazi, na msemaji ataongea na plastiki.

Meza kuu ndefu yenye kitambaa na maji ya chupa, iondoe. Viti vikae nusu duara, maofisa wakae mstari wa mbele pembeni, wasimame wanapojibu. Wapo watakaoona hilo linapunguza heshima ya ofisi. Wape kiti chenye mgongo mzuri, lakini meza isirudi.

Tangazo

Tangazo la kwanza litoke siku 14 kabla, vipeperushi vya mkononi siku 7 kabla, ujumbe wa simu au wa kundi la WhatsApp la mtaa siku 2 kabla, na gari au mtu wa kipaza sauti asubuhi ya siku yenyewe. Ukitangaza chini ya wiki moja utapata wastaafu, wenye maduka ya jirani na jamaa za viongozi. Ukitangaza mwezi mmoja kabla na kunyamaza, watasahau.

Kosa la matangazo mengi ni kuandikwa kwa lugha ya barua: "Wakazi wote mnatangaziwa kuhudhuria bila kukosa mkutano muhimu wa kujadili maendeleo." Maendeleo gani? Muhimu kwa nani? Tangazo linalofanya kazi lina kitu ambacho mtu anaweza kukiona kwa macho anaposoma. Mfano:

"Mfereji wa barabara ya shule unachimbwa upya. Njoo utuonyeshe maji yanatuama wapi. Jumamosi, saa 10:00 hadi saa 11:30 jioni, shule ya msingi. Tutaamua pamoja vivuko viwekwe wapi na kazi ianzie upande gani. Njia ya mfereji imeshapitishwa, haitabadilika. Bili za maji hazitajadiliwa ukumbini. Mtu wa mamlaka ya maji atakuwa na meza yake mlangoni. Kuna mahali pa watoto. Huwezi kufika? Piga simu au tuma ujumbe namba hii kabla ya Alhamisi."

Sentensi ya kwamba njia ya mfereji haitabadilika hutisha maofisa. Wanaogopa watu hawatakuja. Wanakuja, na wanakuja wakijua wamekuja kwa nini. Asiyepata nafasi ya kuambiwa hivyo kwenye tangazo ataambiwa ukumbini mbele ya watu mia, na hapo ndipo sauti hupanda.

Siku isigongane na ibada, mechi kubwa au siku ya soko, na uliza viongozi wa mtaa kama kuna msiba au harusi kubwa. Vipeperushi visiachwe kwenye lundo ofisini. Gawa mtaa vipande, kila mgawaji apewe kipande chake kwenye ramani na arudi na alama ya nyumba alizofika. Bila hivyo barabara kuu hupata vipeperushi vitatu kila nyumba, na nyumba za nyuma hazipati hata kimoja.

Vifaa

Ramani ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote, na ndicho kinachochapishwa vibaya kuliko vyote. Chapisha karatasi ya A0, ambayo ina milimita 841 kwa 1189. Kwa skeli ya 1:1000 inaonyesha eneo la mita 841 kwa 1189, na nyumba ya mita kumi inakuwa na sentimita moja, kwa hiyo mtu ataona paa lake, atalifuata kwa kidole na kusema "hapa kwangu, na maji hupita hapa." Kwa skeli ya 1:5000 nyumba hiyo hiyo ni milimita mbili, nukta tu, na mkazi atarudi nyuma hatua moja na kunyamaza. Mtaa ukiwa mkubwa, chapisha ramani mbili au tatu badala ya kubana moja. Andika majina ambayo watu wanayatumia: kwa fundi fulani, penye mwembe, kituo cha zamani. Namba za viwanja peke yake hazimsaidii mtu. Ilaze mezani kama unaweza, kwani ramani ya ukutani hutazamwa na watatu huku wengine wakitazama visogo vyao.

Watu wasiozidi 30 ndani ya chumba hawahitaji maiki. Nje, unahitaji hata kwa 20. Spika ziwe mbele ya maiki, zikitazama watu. Ule mluzi unaotoboa masikio hutokea maiki inaposikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika, ikairudisha, ikakuzwa tena. Dawa yake ni kusogea nyuma ya spika au kupunguza sauti. Kuziba kichwa cha maiki kwa kiganja, kama wafanyavyo wengi, huuzidisha. Betri mpya ziwekwe siku hiyo hiyo, na za akiba ziwe mfukoni mwa mtu anayejulikana.

Maiki ya wakazi iwe na mshikaji wake, na asiiachie kamwe. Anaisogeza kinywani mwa mtu, anamsikiliza, anaiondoa muda ukiisha. Maiki ikishaingia mkononi mwa mzungumzaji, kuirudisha ni ugomvi.

Mengine ni madogo: mabango kitita mawili, yaani karatasi kubwa za kuandikia mbele ya watu, na kalamu za maka nyeusi na bluu (nyekundu haisomeki kutoka nyuma), gundi ya karatasi, stika za duara, vikaratasi vya maswali, peni zaidi ya watu unaowatarajia, saa kubwa ambayo kila mtu anaiona, na kebo ndefu ya umeme. Projekta sipendekezi. Inataka giza, na gizani hakuna anayeandika wala kutazamana na mwenzake.

Nani afanye nini

Mwezeshaji asiwe mhandisi wa mradi, na asiwe diwani. Mhandisi atatetea mchoro wake. Diwani, hata akiwa mtu mwema, akishika usukani kila swali linageuka la kisiasa, na wasiompigia kura huona mkutano si wao. Mheshimiwa apewe dakika tatu za kufungua, kisha akae mbele asikilize. Diwani akionekana akiandika anayosikia kwenye daftari lake, hiyo ni kampeni tosha.

Awepo mtoa maelezo mmoja, si wanne. Waandishi wawe wawili: mmoja anaandika kwenye bango kitita mbele ya watu kwa maneno ya mkazi mwenyewe, mwingine anajaza daftari la hoja. Mkazi anaposema "maji yanaingia mpaka kitandani" na bango likaandikwa "changamoto ya mifereji", ameshajua kwamba hakusikika. Ongeza mtunza muda, mshikaji maiki, mtu wa mlangoni, na mtu wa watoto. Siku moja kabla kaeni dakika thelathini muandike maswali kumi mnayoyaogopa, na kila moja lipate jibu la sentensi mbili. Swali ambalo hakuna anayelijua jibu lake apigiwe simu mwenye nalo usiku huo.

Mlangoni usiweke karatasi moja ya mahudhurio ambayo kila anayepita anasoma majina na namba za simu za waliomtangulia. Kuna mpangaji asiyetaka mwenye nyumba wake ajue kuwa alikuja. Tumia vikaratasi: jina kwa hiari, eneo anakokaa, namba ya simu kama anataka kupewa jibu, swali lake, na alama ya namna alivyopata habari za mkutano. Hicho kipengele cha mwisho baada ya mikutano mitatu kitakuonyesha tangazo lipi linaleta watu na lipi linapoteza karatasi.

Ukumbini

Anza kwa saa iliyotajwa, hata kama wapo 12. Ukiwasubiri waliochelewa unawaadhibu waliowahi, na safari ijayo nao watachelewa.

Kitu cha kwanza baada ya salamu ni karatasi ya mkutano uliopita, ibandikwe ukutani, mistari mitatu: yaliyofanyika, yanayoendelea, yasiyofanyika na sababu yake. Ofisi nyingi huuficha mstari wa tatu. Ndio unaoaminisha miwili ya kwanza. Kama huu ni mkutano wa kwanza, sema hivyo, na useme siku gani karatasi ya namna hiyo itabandikwa.

Kanuni ya kuzungumza iwe moja na ielezwe mapema: hakuna anayesema mara ya pili kabla kila anayetaka hajasema mara ya kwanza. Chagua kushoto kisha kulia, mwanamke kisha mwanamume, nyuma kabla ya mbele. Ukifuata mikono iliyowahi kunyooka utawapata wanaume wa mstari wa mbele hadi mwisho.

Ile desturi ya kukusanya maswali matatu matatu ndipo yajibiwe inaokoa muda, ila ina hila ndani yake: mjibuji huchagua rahisi, akaligeuza la pili, akasahau la tatu. Jibu moja moja. Na namna ya kujibu ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo tazama mfano huu kwa karibu. Mama anasimama:

"Mfereji wa nyuma ya shule umeziba tangu mwaka jana. Mlikuja, mkapiga picha, mkaondoka."

Jibu la mazoea: "Suala hilo tumelipokea na linafanyiwa kazi." Halina mahali, halina mtu, halina siku. Sasa hili:

"Pole, mama. Nataka niandike sawasawa. Ni pale kwenye kalavati au mbele zaidi?"

"Mbele, kwenye nyumba yenye geti la bluu."

"Sawa. Kuzibua hapo ni kazi yetu, si ya mtu mwingine. Ratiba ya gari sina hapa, kwa hiyo sitakutajia siku ya kuzibua. Ila Jumatano kabla ya saa sita mchana utapigiwa simu uambiwe siku, au uambiwe kwa nini bado. Hoja yako ni namba 14. Atakayekupigia ni msimamizi wa usafi, yule pale."

Mjibuji hakuahidi kazi asiyoimiliki. Aliahidi siku ya jibu, na hiyo anaimiliki. Tofauti ya siku ya jibu na siku ya kazi ni muhimu kuliko mbinu nyingine yoyote iliyomo humu. Siku ya kazi inategemea mafuta, mvua, malipo na mkandarasi. Siku ya jibu inategemea simu moja. Ofisa anayetaja siku ya kazi ili apigiwe makofi anakopa kwa riba kubwa.

Hoja zitakazokuja ni za namna tatu. Zipo zenu. Zipo za taasisi nyingine, kama umeme, maji au polisi, na hapo usiseme "nendeni kule." Ziandike, zipelekeni ninyi kwa maandishi, na mwenye hoja apate nakala. Na zipo za mtu binafsi, kama mgogoro wa mpaka, bili au kesi ya jirani. Hizo zina meza pembeni na ofisa mmoja, na mwezeshaji ampeleke mtu huko kwa upole mapema, maana mgogoro wa mpaka wa watu wawili unaweza kula dakika 50 zote mbele ya watu mia moja wasiohusika.

Mambo yanapokwenda mrama

Msemaji asiyenyamaza. Mtunza muda asimame dakika ya pili inapokaribia, asiseme kitu. Ikipita, mwezeshaji arudie hoja yake kwa sentensi moja: "Mzee, nimeandika kwamba taa tatu za kona hazijawaka, ni sahihi?" Akisema ndiyo, maiki imeshasogea. Wengi huendelea kusema kwa sababu hawana hakika kama wameeleweka.

Ukumbi wenye hasira ni jambo tofauti, na kosa kubwa ni kujitetea mapema. Waache wawili watatu wa kwanza waseme hadi mwisho bila kujibiwa, hoja zao ziandikwe mbele ya macho yao kama walivyozisema, kisha jibu lianze na jambo ambalo ni kweli kwamba mlikosea. Usizime maiki. Usitishie. Kama wiki hiyo ajali imeua mtu kwenye barabara mliyokuja kuijadili, ajenda yenu imekufa. Jadilini ajali. Huo mradi wenu mtarudi nao siku nyingine. Kusiwe na polisi waliosimama ukumbini ila kama kuna tishio la kweli, kwa sababu sare mlangoni huwaambia watu kwamba mnawaogopa.

Kura ya kunyoosha mikono. Iepuke kwenye jambo lolote linalogusa jirani au mwenye nyumba, kwa kuwa mtu hutazama kwanza nani anamtazama. Stika tatu kwa kila mtu, abandike kwenye mapendekezo anayoyataka, ni bora. Lakini nazo zina ugonjwa wake: pendekezo lililopata stika tano za mwanzo huvuta nyingine kwa sababu tu linaonekana linashinda. Mwambie kila mtu aandike chaguo lake kwenye kikaratasi kwanza, ndipo wote waende kubandika kwa pamoja. Na matokeo yatangazwe kama yalivyo: ni matakwa ya watu 64 waliokuwapo. Si matakwa ya mtaa mzima.

Kuhusu hao wasiokuwapo. Siku ya pili chukua vikaratasi vya mlangoni, weka nukta kwenye ramani kila eneo walikotoka watu. Utaona upande mweupe. Mara nyingi ni wapangaji, wafanya kazi wa zamu, au nyumba za nyuma ambazo kipeperushi hakikufika. Wafuate: dakika ishirini kazini kwao, kituoni, kliniki au penye bomba la maji, swali lile lile, kikaratasi kile kile. Mkutano wa pili wa kuwaita tena ukumbini hautawaleta. Kilichowazuia mara ya kwanza bado kipo.

Baada ya viti kurudishwa

Kabla ya kubandua karatasi ukutani, zipige picha zote, kila moja peke yake, na uhakikishe zinasomeka. Karatasi hupotea kwenye buti la gari mara nyingi mno.

Ndani ya saa 48 kila hoja iwe daftarini: namba, tarehe, mahali kwa maneno ya mkazi, hoja, mhusika (mtu mmoja, si idara), siku ya jibu, jibu lililotolewa, hali ya kazi. Hoja ya yule mama itaonekana hivi: 14, Jumamosi, nyuma ya shule, mbele ya geti la bluu, mfereji umeziba tangu mwaka jana, msimamizi wa usafi, Jumatano saa 6 mchana, amepigiwa simu Jumatano saa 4, gari litakuja Jumatatu, inasubiri. Safu ya mhusika ikiandikwa "idara ya ujenzi" jua hoja hiyo imekufa. Idara haina simu mfukoni.

Siku ya saba, ukurasa mmoja ubandikwe mahali pale pale tangazo lilipokuwa, na utumwe kwenye kundi la mtaa: yaliyosikika, yatakayofanyika, yasiyofanyika na sababu. Majina ya waliolalamika yasiwemo, wala picha ya sura zao bila ridhaa, na watoto wasiwemo kabisa. Siku ya thelathini ukurasa huo ubandikwe tena ukiwa na hali mpya.

Kisha pima kitu kimoja. Si idadi ya waliohudhuria, ingawa ndiyo inayoandikwa kwenye ripoti zote. Hesabu hoja ngapi zilipata jibu siku iliyotajwa. Zikiwa 9 kati ya 30, tatizo si wakazi kutohudhuria. Mmeahidi majibu mengi kuliko watu wenu. Safari ijayo tajeni siku za mbali zaidi, au fanyeni mkutano mdogo zaidi. Mikutano minne kwa mwaka yenye majibu yaliyokamilika inaubeba mtaa. Mikutano kumi na miwili isiyo na majibu huwafundisha watu kutokuja, na somo hilo hawalisahau upesi.

Daftari likae ofisini, si kwenye kompyuta binafsi ya ofisa. Akihamishwa, amkabidhi anayekuja kwa saini, hoja kwa hoja kwa zile zilizo wazi, na wenye hoja hizo watumiwe ujumbe wenye jina na namba ya mhusika mpya kabla ya siku ya jibu iliyoandikwa.